Ua Uliopandwa Ili Ndege Iuone

Nimeombwa nizungumzie picha zinazopigwa kutoka angani na mashamba yetu. Wengi huichukulia picha ya namna hiyo kuwa jicho tu: ardhi iko pale, ndege inapita, inatazama, inakwenda zake. Katika sehemu kubwa ya Kenya mambo yalikwenda kinyume. Mashamba yalipangwa, yakakatwa, mengine yakazungushiwa miti, kwa sababu ndege ilikuwa inakuja. Na hapa Naitiri, Bungoma, jambo hilo lilifika mbali zaidi, kwa kuwa mistari ilitangulia na wakulima wakafuata.

Tuanze na ndege zenyewe. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilibaki na marubani wengi, kamera nyingi na makoloni ambayo haikuwa na ramani zake za kutosha. Mwaka 1946 ikaunda idara ya upimaji wa makoloni mjini London, na Kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga kikapewa kazi ya kupiga picha Afrika kwa ndege aina ya Lancaster, zile zile zilizokuwa zimebuniwa kuangusha mabomu juu ya Ujerumani. Kufikia 1952 kilikuwa kimepiga picha zaidi ya maili za mraba milioni moja. Huku kwetu ndege hizo ziliruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Katika picha hizo na zilizofuata ndimo zilimotoka ramani za vipimo vya 1:50,000, zile ambazo wapimaji wetu huziita Y731, na ambazo kila aliyesoma jiografia sekondari amewahi kuhesabu miraba yake kwenye mtihani.

Picha nyingi za idara ile sasa zimehifadhiwa Edinburgh, Scotland. Fikirini jambo hilo kidogo. Mtu anayetaka kujua magharibi ya Kenya ilikuwa na sura gani kabla ya uhuru, msitu uliishia wapi na kinamasi kilianzia wapi, huenda akalazimika kuandika barua Ulaya.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje? Ndege ya upimaji huruka kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi kama jembe la ng'ombe, kamera ikiwa imeelekezwa chini wima. Kila picha hufunika tena kiasi cha asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Si ubadhirifu wa filamu. Sehemu ile ile ikionekana kutoka pembe mbili, mpimaji huweka picha mbili chini ya darubini maalumu, jicho hili likatazama hii na jicho lile likatazama ile, na ghafla ardhi huinuka: mlima unakuwa mlima, mto unazama bondeni. Hivyo ndivyo mistari ya mwinuko ilivyochorwa bila mtu kupanda kila kilima.

Ila picha si ramani, na hapa naomba tukae kidogo, maana ugomvi mwingi wa ekari chanzo chake ni hiki. Tuseme kamera ina urefu wa fokasi wa milimita 152 na ndege iko mita 3,800 juu ya ardhi. Gawanya, utapata kipimo cha 1:25,000. Vizuri. Lakini tuseme katikati ya eneo hilo kuna mwinuko wa mita 190. Juu ya mwinuko huo ndege iko mita 3,610 tu, kwa hiyo kipimo kinakuwa 1:23,750. Shamba la mlimani liko karibu zaidi na kamera na linatoka kubwa kuliko la bondeni. Ukipima eneo lake kwenye picha bila kusahihisha, ekari 10 zitasomeka kama ekari 11. Mkulima wa mteremkoni akipewa karatasi inayosema 11, halafu miaka arobaini baadaye mwanawe akaleta mpimaji wa kisasa akaambiwa ni 10, atamshuku nani? Atamshuku jirani. Jirani naye hana hatia. Yeye alikuwa bondeni tu.

Wapimaji walizijua njia za kusahihisha kosa hilo. Muda ndio haukuwapo. Mpango wa Swynnerton ulipotangazwa mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitaka vipande vya ardhi vya Waafrika viunganishwe na kusajiliwa kwa haraka, ikianzia Mkoa wa Kati. Kupima kila kona kwa mnyororo na kuweka vigingi vya saruji kungechukua miongo. Wakachagua njia ya mkato: mpaka uwe ni kitu kinachoonekana, na picha ya ndege ndiyo iuchukue. Mkulima akatakiwa apande ua kuzunguka shamba lake, ua ukue hadi uonekane kutoka angani, kisha ndege irudi kupiga picha upya, na ramani ichorwe kutokana na ua huo.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka. Kayaba, manyara na lantana zilizopandwa kwenye mipaka zilikuwa pia maandishi. Mkulima aliandika jina lake ardhini kwa mimea, ili msomaji aliye maelfu ya futi juu alisome. Sura ya mashamba ya Murang'a au Nyeri tunayoipenda leo kwenye kalenda, ule mchoro wa vyumba vya kijani vilivyotengwa kwa kingo za miti, kwa sehemu ni kazi ya kamera. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo wakulima wengi namna hiyo walitakiwa wapambe ardhi yao kwa ajili ya kupigwa picha!

Na sheria ikafuata picha. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilisema kwamba, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuandikwa kuwa umethibitishwa, ramani ya usajili inaonyesha mpaka kwa makadirio tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imelirudia hilo katika kifungu cha 18, pamoja na sharti kwamba mahakama isisikize kesi ya mpaka kabla Msajili wa Ardhi hajauamua. Kwa lugha ya barazani: ile karatasi yenye mistari mnayolipia kwenye ofisi ya ardhi Bungoma haikusudiwi kumaliza ubishi wa hatua mbili au tatu. Ua ndio mpaka. Karatasi inakuelekeza tu ua uko upande gani. Ndiyo maana anayeng'oa mkonge au manyara ya mpakani usiku anafanya jambo kubwa kuliko kukata mmea.

Naitiri haikuanza na ua, na ndiyo tofauti yetu. Eneo hili lilikuwa ndani ya Nyanda za Juu za Wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza, mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi waliostaafu uliwaleta walowezi wengi Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale 1926, na mahindi yakawa ndiyo habari ya mjini. Mashamba yalikuwa makubwa, mstari mmoja ungeweza kukimbia maili nzima bila kukutana na uzio wa mtu mwingine, na Waafrika walioyalima waliishi humo kama maskwota. Halafu ukaja Mpango wa Ekari Milioni Moja, kuanzia 1962. Serikali ikayanunua mashamba hayo kwa fedha nyingi za mkopo, ikayakata, ikaweka humo familia takriban 35,000 nchini kote kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Naitiri, Tongaren, Ndalu na Kabuyefwe ni watoto wa kipindi hicho.

Hapa mistari ilitoka ofisini. Wapangaji waliketi na picha za ndege pamoja na ramani zilizotokana nazo, wakaangalia mito na miinuko, wakaamua barabara ipite wapi na vipande viishie wapi. Mara nyingi barabara iliwekwa mgongoni mwa mwinuko na ploti zikateremka kuelekea mto, ili kila mtu apate njia juu na maji chini. Kila ploti ikapewa nambari. Ndipo mpimaji akaja na vigingi, na baada yake lori la kwanza lenye vitanda, kuku na watoto. Huko Mkoa wa Kati mkulima alipanda mpaka na ndege ikaunakili. Huku kwetu ofisi ilichora mpaka juu ya picha na mkulima akaja kuishi ndani ya mchoro. Ndiyo sababu hadi leo mzee wa Naitiri akiulizwa kwake ni wapi, anaweza kukutajia nambari kabla hajakutajia kijiji. Wala hati hakukabidhiwa mara moja. Alikuwa na deni kwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, na hati ilisubiri deni liishe.

Mwenye simu yenye intaneti na afungue picha ya setilaiti jioni hii, aanzie Kimilili au Bokoli, kulikokuwa rizavu ya Waafrika, kisha asogee mashariki polepole hadi Tongaren. Hahitaji kuambiwa mpaka wa kale ulikuwa wapi. Kule vipande vinajipinda kufuata vijito na koo. Njia ni zile zilizokanyagwa na miguu kabla hazijakanyagwa na magurudumu. Huku mistari inanyooka, kona zinakuwa kona. Miaka sitini ya mvua, ndoa, mazishi na siasa haijaufuta mkono wa yule mchoraji.

Kinachoufuta ni urithi.

Chukua shamba la ekari kumi na tano ambalo babu alilipata 1965. Alikuwa na wana watano. Kila mwana alitaka sehemu inayogusa barabara, kwa kuwa bila barabara huwezi kutoa gunia, na inayofika mtoni, kwa kuwa ng'ombe hunywa. Kwa hiyo shamba halikukatwa vipande vinavyokaribia mraba; lilichanwa kwa urefu, mikanda mitano. Wajukuu wakaichana mikanda hiyo tena. Kutoka juu unaiona vizuri: mahindi hapa, miwa pale, mkanda wa nepia, mkanda wa maharagwe, mwingine mwembamba kiasi kwamba trekta likiingia haliwezi kugeuka bila kukanyaga kwa jirani, ambaye ni kaka. Ukienda masjala, mara nyingi utakuta kipande kimoja, nambari moja, jina la marehemu. Hakuna aliyefungua mirathi, hakuna aliyekwenda bodi ya udhibiti wa ardhi, hakuna aliyemlipa mpimaji.

Kwa hiyo tuna picha mbili za shamba moja. Ya masjala inasema mwenye mali ni babu. Ya angani inasema wanaoishi pale ni kaya kumi na moja. Zote mbili ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani mtu akitaka kuuza atachagua ile inayomfaa. Nimewasikia vijana wakisema mipaka ya mikanda hiyo ni halali kwa sababu inaonekana hadi kwenye simu. Hapana. Kuonekana ni ushahidi wa matumizi. Umiliki unaandikwa kwingine, na sheria ya mgawanyo inamhitaji mpimaji mwenye leseni hata kama una droni bora kuliko ya serikali.

Lakini nisije nikawaacha mkidhani picha za angani zimetuletea habari za ugomvi tu. Kuna habari njema moja ambayo wengi hawaijui. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba watu wakiongezeka miti inapungua. Ilihubiriwa mpaka ikawa kama aya. Watafiti walipolinganisha picha za angani za mwaka 1986 na za 1992 katika maeneo ya Kenya yenye mvua na watu wengi, walikuta kinyume: miti iliyopandwa mashambani ilikuwa ikiongezeka, kwa wingi wake wa kuni na mbao, kiasi cha asilimia 4.7 kila mwaka. Ripoti hiyo ilichapishwa 1994 katika jarida la Ambio la Sweden. Mwaka huo huo kikatoka kitabu cha Mary Tiffen na wenzake kuhusu Machakos, nacho kikionyesha kwamba wilaya iliyotangazwa katika miaka ya 1930 kuwa inakufa kwa mmomonyoko ilikuwa imejaa matuta na miti, huku watu wakiwa wameongezeka mara kadhaa. Mkulima aliyepanda grevilea mpakani hakuwa akiandika makala ya kisayansi. Alitaka mbao, kuni na kivuli, na alitaka mpaka wake usibishaniwe.

Naongeza pilipili kidogo kwenye sifa hiyo. Picha inahesabu miti. Haiulizi ni mti gani. Kutoka juu, mstari wa mikaratusi kando ya mto ni kijani kama kijani kingine chochote, tena cha kuvutia. Ukishuka chini unakuta chemchemi iliyokuwa ikinyweshea watu wa mtaa mzima sasa inatoa tope. Mnaotaka kuona kinamasi kinavyokuwa kisipoguswa, nendeni Saiwa, nje kidogo ya Kitale. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba tatu hivi, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasini. Kwenye picha ya setilaiti ni utepe wa kijani kizito uliobanwa na mashamba kila upande. Mabonde mengine mengi ya eneo hili sasa ni mboga na mahindi hadi ukingoni mwa maji.

Ardhi hii ilibadilishwa na watu kabla ya walowezi vilevile. Joseph Thomson alipopita magharibi ya Kenya 1883 alikuta vijiji vilivyozungushiwa kuta na mahandaki. Wabukusu walijenga ngome hizo, na katika ile ya Chetambe, juu ya Webuye, walipigana na jeshi la Mwingereza Hobley mwaka 1895. Upande wa Cherangani na Uasin Gishu kuna yale mashimo ya mviringo yanayoitwa ya Wasirikwa, yaliyokuwa mazizi ya ng'ombe. Nchini Uingereza katika miaka ya 1920 mwanaakiolojia O.G.S. Crawford alionyesha kwamba vitu vya namna hii huonekana vyema zaidi jua likiwa chini, asubuhi au jioni, wakati hata tuta la nusu mita linaangusha kivuli. Mwenye droni asiye na kazi Jumapili alfajiri ajaribu. Awahi kabla trekta halijapita, maana haro huvisawazisha kabisa.

Wapo pia wanaopiga picha hizi kwa ajili ya uzuri. Yann Arthus-Bertrand, Mfaransa aliyeuza vitabu vyake kwa mamilioni, alianza kazi hiyo akiwa Kenya miaka ya 1970, akichunguza simba Maasai Mara na kuendesha puto la watalii. Edward Burtynsky wa Kanada amepiga picha magadi ya Magadi na taka za Dandora kwa namna ambayo uozo unafanana na kitenge. Nazistahi kazi zao, lakini kuna jambo linanikera. Mtu akiwa juu kiasi hicho, kila kitu huwa ruwaza. Mwanamke anayepalilia anakuwa nukta ya rangi, na nukta haina mgongo unaouma.

Sisi huku tunahitaji picha za kazi. Kenya ina Kituo cha Kikanda cha Ramani na Rasilimali pale Kasarani, kilichoanzishwa 1975, na katika miaka hiyo hiyo serikali iliunda kitengo cha kuhesabu wanyamapori kwa ndege ndogo, ambacho baadaye kilipiga picha mashamba ya mahindi na ngano ili kukadiria mavuno. Wilber Ottichilo, aliyekuja kuwa gavana wa Vihiga, alipitia taasisi hizo zote mbili. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikitupiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zake ni za bure. Ila kila doa la picha hiyo ni mita 30 kwa 30: ekari yako nzima ni madoa manne na nusu. Sentinel-2 ya Wazungu wa Ulaya, tangu 2015, ina madoa ya mita 10, kwa hiyo ekari inapata 40 hivi. Inatosha kujua mahindi yamenyauka. Haitoshi kujua ni nani aliyesogeza kigingi.

Kwa hilo la pili kuna droni, na mfano mzuri uko Zanzibar. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, waliamua kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni ndogo zenye mabawa. Wanafunzi wa pale pale ndio walizirusha. Hawakungoja kikosi kutoka nje, na picha hazikuishia ng'ambo. Kenya ilichelewa, droni zilikuwa karibu marufuku hadi kanuni za 2020 zilipotoka, na sasa unatakiwa kuisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kutoruka juu ya futi 400. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uani kwa mtu ni kwake hata ukiwa juu.

Pendekezo langu kwa Naitiri ni dogo. Kabla familia haijaanza kesi ya mirathi, ipige picha shamba lote kutoka juu, iichape kubwa, iitandaze mezani, na kila mmoja aonyeshe kwa kidole analima wapi. Wawepo wote. Nasema wote kwa sababu ndege, setilaiti na droni zina upofu mmoja: zinaona mkanda wa mboga nyuma ya jiko, haziwezi kuona kwamba aliyeulima miaka thelathini ni mjane ambaye jina lake halimo masjala wala kwenye mazungumzo ya wana. Katiba ya 2010 inamtambua. Yafaa kidole chake kiwe cha kwanza juu ya picha.

Nimemaliza. Tupokee maswali, na tuanze na akina mama walioketi kule nyuma; wazee wa mipaka watasubiri zamu yao.